Kwa Babu, Msimamizi wa Stesheni Isiyo na Abiria

Kwa majonzi mazito na taadhima zote, ukoo mzima unautangazia ulimwengu kwamba mwaka umetimia, Babu, tangu ulipotutoka, wewe Msimamizi Mkuu wa Stesheni. Ulikuwa mkuu wa nani hatujui, maana pale stesheni ulikuwa peke yako na mbuzi wa jirani, na mbuzi hakuwa mwajiriwa.

Nimepewa mimi kuandika tangazo hili la gazetini kwa sababu nasoma shule ya bweni na inasemekana Kiswahili changu kimenyooka. Baba Mkubwa, fundi seremala, ameniagiza: "Usilete utani wako. Andika kama mtu mwenye akili." Najitahidi.

Reli yako tunaikumbuka, ingawa haikuwa na la kukumbukwa. Njia moja ya treni ya umeme, inajipinda milimani kama vile aliyeichora alikuwa anasinzia. Mabehewa matatu, mara mbili kwa siku, kimya kiasi kwamba kuku wa Bibi walikuwa na kelele kuliko treni. Moshi hakuna, muungurumo hakuna. Nyaya za juu zinatetemeka kidogo, na wewe unavaa kofia.

"Rudi nyuma ya mstari wa njano!" ulikuwa unapaza sauti. Jukwaani alikuwepo Bibi tu, na treni ilikuwa bado vituo viwili.

"Mume wangu, nimeleta chai, sikuja kufa," Bibi alikujibu kila siku. Na kila siku alirudi nyuma.

Treni ilisimama kwako pale tu ulipoinua bendera nyekundu, na hukuwa na sababu ya kuiinua. Ikapita, ukaipigia saluti, ukaingia ndani kuandika kwenye daftari: "Walioshuka: hakuna. Waliopanda: hakuna." Miaka thelathini na moja ya mwandiko mzuri kuhusu watu ambao hawakuwepo. Nilipokwenda shuleni, kule bondeni kwenye reli hiyo hiyo, niliwaambia wenzangu babu yangu ni rubani.

Ulikuwa na moyo mwema, hilo hatubishi. Mwalimu mmoja mpita njia alipumzika akasahau mwavuli kwenye benchi, ukautunza miaka minane na kikaratasi: "Mwenyewe atarudi." Hakurudi. Mwavuli upo, nondo wameula, kikaratasi bado kizima.

Sasa tumgeukie yule Mkaguzi. Wiki tatu kabla kifua hakijakulaza, mtu aliyejiita Mkaguzi wa Reli alikupigia simu, akasema atakuja Alhamisi na treni ya saa nne asubuhi. Ukapaka chokaa kila jiwe kutoka jukwaani hadi chooni. Ukang'arisha kengele ambayo haijalia tangu umeme uletwe. Alhamisi ukavaa glavu nyeupe, ukainua bendera, treni ikasimama, milango ikafunguka. Hakushuka mtu. Ulibaki na saluti yako mpaka milango ikafungwa.

Mkaguzi huyo familia inamdharau kwa kauli moja. Ni mhuni, hana haya wala soni, na kama ana mama basi mama huyo anasikitisha. Baba Mkubwa anasema ndiye aliyekuvunja moyo. Ameandika barua tatu makao makuu ya reli, na Jumatatu anakwenda mwenyewe, amevaa suti, kudai jina lake. Mtu wa namna ile, Babu, hafai hata kukata tiketi za

Nilikuwa nimefika hapo Shangazi akaingia na daftari lako. Shangazi ni muuguzi. Hapigi kelele, anakutazama tu kama anatafuta mshipa wa kuchoma sindano.

"Umemwandika Mkaguzi?"

"Nimemchambua vizuri, Shangazi."

"Bado hujammaliza. Soma hapa. Kwa sauti, Bibi asikie."

Nikasoma. Jumatatu: "Simu, saa tano. Mjukuu wangu, amekaza sauti, anajifanya mkaguzi. Nimemwitikia, Ndiyo Mheshimiwa. Alhamisi shule yao inafunga. Huenda ndivyo anavyosema kwamba atakuja. Siku nyingi hajafika. Nipake chokaa."

Alhamisi: "Walioshuka: hakuna. Mmoja alijificha chini ya kiti, behewa la tatu. Amerefuka. Miguu ilibaki nje."

Bibi aliacha kumenya viazi.

"Nani alijificha?" Baba Mkubwa akauliza. Polepole akaanza kunitazama miguu.

Ni mimi, Babu. Nilipiga simu ofisini kwa matroni, wenzangu wawili wameziba midomo. Alhamisi tulipanda pamoja, kwa sababu niliwaahidi kuwaonyesha mzee wa ajabu anayeipigia treni saluti. Sikuwaambia wewe ni nani wangu. Ulipotazama dirishani nilijitupa chini, na wale wakacheka mpaka tukaingia kwenye handaki. Nami nilicheka. Nilidhani hukuniona, na mwaka mzima nimemwacha Baba Mkubwa amsake mtu ambaye kila Jumapili anakula naye meza moja.

Nilitaka kuchana karatasi hii nianze upya. Shangazi akaishika. "Usifute. Itoke gazetini hivyo hivyo." Basi niliyosema juu ya Mkaguzi yabaki yote, ila lile la mama yake naliombea radhi, kwa kuwa mama yangu atalisoma. Baba Mkubwa, tafadhali, suti irudi kabatini.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye treni ikipita bado anarudi nyuma hatua moja. Na mwanao Baba Mkubwa, ambaye hajasema nami tangu jana. Na binti yako Shangazi, mwenye daftari. Na wajukuu wote, akiwemo yule wa behewa la tatu. Alhamisi nitapanda treni ya saa nne nimwombe dereva asimame kwako. Nitashuka, nitajaza daftari.

Hatutakusahau, Babu. Bibi anasema mimi nikisahau, atanikumbusha kwa mkono wake.