Sakafu ya Dilala

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Tumehama. Basi! Ofisi imesema, sisi tumebeba. Darasa letu la watoto viziwi limetoka Kapata, limekuja Dilala juu ya lori la mchanga ambalo hata halikufagiliwa. Madawati, ubao, mabango ya herufi za vidole, watoto, na mimi katikati nimekumbatia saa ya ukutani. Dereva anacheka.

Sababu naijua: kuta za shule ya Kapata zimepasuka. Kila wakilipua huko mgodini, ufa unaongezeka. Sawa. Lakini nani amewaeleza watoto? Ngoy mdogo amelia njia nzima. Mama yake hajui kuongea kwa mikono, alimpandisha tu, akampungia. Mtoto alidhani ametupwa!

Directeur, mkuu wa shule ya hapa, mzee tata Kisimba, ametupokea vizuri. Ametupa ukumbi wa nyuma ya shule, pale mabwana wa kampuni ya mgodi walipokuwa wakicheza dansi zamani. Sakafu ya mbao! Nimevua viatu nikaijaribu. Inatetemeka mpaka kwenye pembe. Walimu wengine huita darasa kwa kengele, mimi huita kwa mguu. Nikipiga mara moja, mtetemo unapita mbaoni, unaingia miguuni mwao, vichwa vyote vinainuka. Kapata ilikuwa saruji, ilibidi nizime na kuwasha taa — na umeme wetu tunaujua. Hata hivyo mguu sikuuacha, na jina langu kwa mikono yao ni ngumi inayopiga kiganja. Madame Mguu.

Kisimba kanishika mkono mlangoni. "Madame Godelieve, inspecteur atakuya vendredi ya poso ingine. Akikuta batoto beko calme, darasa inabakia. Akikuta fujo, batabatia pamoya na benye kusikia."

Ijumaa ya wiki ijayo. Na pamoja na wenye kusikia! Maana yake ni kukaa nyuma, kutazama mdomo wa mwalimu mpaka mwaka uishe. Nimewaona waliofanyiwa hivyo. Wanazimika polepole, na hakuna anayeona.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Jambo la ajabu. Nilikuwa naandika ubaoni, mgongo kwa darasa. Nageuka — wote wananitazama. Mikono chini, kimya, wanangoja.

Nikauliza: nini?

Abigaëlle ndiye mkubwa wao, miaka kumi na miwili, na ndiye msemaji wa darasa ingawa hajawahi kutoa neno mdomoni. Akasema kwa mikono: "Umetuita."

Sikuita. Nilikuwa na chaki mkononi na miguu yangu imetulia.

"Umetuita."

Bishana na mtoto wa miaka kumi na miwili! Nikaendelea kuandika. Kabla ya mapumziko ikatokea tena, na tena. Kila nikigeuka, macho yote kwangu. Ukumbi kimya kabisa. Masikio yangu mazima hayakupata kitu.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nilisema leo nitamkamata anayepiga sakafu. Ni Ngoy, nani mwingine? Ana miguu isiyotulia, na bado ananikasirikia kwa ajili ya lori. Nikamkalisha mbele, miguu juu ya benchi. Sasa tuone!

Hazikupita dakika nyingi. Vichwa vyote juu. Vyote isipokuwa cha Ngoy, ambaye miguu yake haikugusa mbao. Yeye aliendelea kuchora mbuzi wake.

Nikamwomba msamaha. Akafumba macho. Kwetu, mtoto akifumba macho, mazungumzo yamekwisha.

Saa ya kutoka nikamwuliza sentineli, mlinzi wa shule, tata François, chini ya ukumbi kuna nini. "Kuko bulongo, madame. Ulikuwa unazania kuko nini?" Udongo tu, na akacheka. Nikauliza: na kule kwa jirani, nyuma ya bâche, lile turubai la bluu lililozungushwa uwanja mzima? "Kule banachimba choo."

Ndiyo. Siku hizi Kolwezi nzima inachimba choo. Na kinachotoka chooni kinatoka ndani ya magunia ya madini.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Baada ya misa mama Angèle alinifuata hadi nyumbani, yeye ndiye mama wa Abigaëlle. Alikuja na mama mmoja wa maombi, chupa ya mafuta mkononi. "Madame, mutoto yangu halale tena. Iko natia mukono chini ya kitanda, iko nasikiliza bulongo. Ule ukumbi muko batu bakufa. Tuachie tupake mafuta." Nikawaambia mafuta yatatelezesha watoto. Mama wa maombi hakucheka.

Wakaenda. Mimi nikabaki na kicheko changu, kikaisha haraka.

Mechack, mdogo wangu, aliingia shimoni upande wa Tenke na udongo ukashuka. Tuliambiwa tungoje. Baadaye hatukuambiwa tena kitu. Tulizika shati lake. Baba alisoma sala yote, mpaka mwisho, juu ya shati. Tangu siku ile nikiona udongo mwekundu uliofukuliwa, navuka barabara. Na sasa wananiambia kuna wafu chini ya mbao zangu, na watoto wangu ndio wanaowasikia, si mimi.

Naogopa. Ndiyo hivyo.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Watoto wawili hawakuja tena. Mama zao wamesikia ya mama Angèle. Habari mbaya haingoji taxi-moto, ina pikipiki yake yenyewe.

Lakini leo nimepata ukweli, na ni Abigaëlle aliyenipa. Alichukua chaki, akapiga magoti, akawa anagusa mbao na kuchora. Mstari ulianzia kwenye ukuta wa upande wa bâche, ukapita chini ya madawati, ukaishia chini ya meza yangu. "Wiki iliyopita pale. Jana pale. Leo hapa." Mapigo yanatembea!

Roho haitembei kwa mpango. Ni wachimbaji! Vijana wazima, wenye nyundo na jasho, wanafuata mshipa wao wa madini chini yetu. Karibu nicheze dansi kama wale mabwana. Nimefurahia wezi wa madini, Mungu anisamehe!

Halafu nikafikiri. Nikisema, ukumbi utafungwa leo hii, na hakuna ukumbi mwingine. Kisimba mwenyewe aliona ile chaki. "Madame, futa." Hakuuliza ni nini. Kwa hiyo anajua. Nikafuta. Wanachimba, watapita, Ijumaa itapita. Nimewafundisha watoto: mkihisi kitu, msiinue kichwa mpaka mnione usoni. Wamekubali, wanaona ni mchezo.

Mvua imeanza wakati nafunga mlango. Nzito.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Mvua usiku kucha. Ukuta wa jirani umelala, ile bâche imeanguka ndani ya matope. Uwanja wake hauna mtu. Lango lina kufuli.

Asubuhi, hakuna pigo hata moja. Nikashukuru. Nimefundisha leo kama sijafundisha tangu Kapata! Nilikuwa naita kwa mguu, vichwa vinainuka, tunafanya kazi, naita tena. Hata Ngoy kanirudishia macho.

Karibu na saa ya kutoka Abigaëlle aliteremka kwenye benchi, akaweka kiganja sakafuni. Nikamwambia akae. Akasema: "Wanajibu."

Nani?

"Wa chini. Ukipiga, wanapiga. Usipopiga, wanangoja, halafu wanapiga kidogo."

Nikamwambia akae. Nikafuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Nimejaribu. Nilipiga mara mbili. Abigaëlle, kiganja chini, akangoja jibu, akainua vidole viwili. Nikapiga mara nne, nikamgeuzia mgongo ili asinione usoni. Nilipogeuka, vinne.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti, nikaweka mikono — sikuhisi kitu. Nikaweka shavu. Mbao ilinuka vumbi na nta ya zamani. Kisha kitu kikagonga mfupa wa shavu langu, kidogo tu. Mimi nimehisi. Mimi, si watoto.

Abigaëlle akanieleza: kuna mikono miwili, ya watu wawili. Mmoja mzito. Mmoja mwepesi, unapiga haraka haraka.

Na sasa nimeelewa: mvua imewafukia mlango wa shimo, na sijui niweke wapi hiki kichwa. Jana nzima niliwaita watoto kwenye imla, kwenye hesabu, kwenye maziwa yao. Kila mara, chini mle gizani, wamesikia mtu wa juu akipiga. Wamejibu. Wamengoja. Wakasema: wametusikia, wanakuja! Siku nzima nimewaahidi. Kwa mguu huu!

Nikakimbia kwa Kisimba. Akafunga mlango kwanza. Hakukataa, hata kidogo. "Madame, ukisema leo, banafunga ukumbi leo. Na batoto yako batakwenda wapi? Ngoya inspecteur apite kesho. Mi mwenyewe mangaribi nitaongea na mukubwa wa bacreuseurs. Beko na batu, beko na pompe, banajua hii kazi kupita polisi."

Niliuliza: utaongea kweli na mkubwa wa wachimbaji?

"Madame. Mi niko na batoto pia."

Nikasema ndiyo. Ninaandika neno hili ili lisiniponyoke: nilisema ndiyo. Kwa sababu lilinifaa. Kwa sababu nilimwona Ngoy nyuma ya darasa la wenye kusikia, anazimika. Nikapita kwa jirani; palipolala ukuta ni matope ya kuzama, nikatikisa kufuli la lango, nikaita. Jirani wa ng'ambo akaniambia wenyewe wamekwenda tangu mvua, na nisipige kelele pale.

Kabla sijaondoka nilirudi ukumbini peke yangu. Sikupiga. Sikuthubutu kuahidi tena. Halafu nikafikiri: nikinyamaza, watadhani tumewaacha. Nikapiga mara moja, nikatoka mbio kama mtoto aliyevunja chungu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Asubuhi nilimngoja Kisimba langoni. Suti, tai. Aliangalia viatu vyake. "Mukubwa hakukuwa ku kwake." Nikamwuliza: na jana hukumtafuta mahali pengine? "Madame, inspecteur iko njiani." Nikasema naenda polisi mwenyewe. Akasema: nenda, na batoto utaachia nani? Wakati tunabishana gari likaingia. Mapema! Na nikaingia darasani, badala ya kwenda. Niliingia.

Inspekta si mtu mbaya. Alikaa nyuma, akaweka kofia gotini. Watoto walikaa — ningelia! — mikono juu ya madawati, migongo imenyooka. Nikafundisha majina ya wanyama. Ngoy akatoka ubaoni, akaandika "mbuzi" bila kosa, akaongeza pembe. Inspekta akatabasamu, akaandika. Kisimba mlangoni kaniinulia kidole gumba.

Nilikuwa natazama uso wa Abigaëlle. Nimewafundisha vizuri, hakuinamisha kichwa. Lakini chini ya dawati mkono wake ukaniambia: "Mzito hakuna."

Nikauliza kwa macho.

"Mzito hakuna tangu asubuhi. Mwepesi peke yake. Anapiga, anangoja. Anakungoja wewe."

Nikapiga mguu. Sikupanga. Mara moja, kwa nguvu, mpaka kofia ya inspekta ikadondoka kutoka gotini.

Akaiokota. Akatazama watoto, akanitazama. "Mais madame, batoto bote beko nakuangalia. Uko naita nani?"

Kisimba akaingia katikati. "Ni méthode yake, chef. Tuende kwanza tunywe sucré." Akamshika kiwiko. Inspekta alitoka naye, lakini mlangoni akageuka: "Nitarudia, madame. Utanielezea."

Wako ofisini. Nasikia chupa za soda zinafunguliwa. Ninaandika juu ya meza yangu, haraka. Inspekta akirudi nitamwambia yote: kama darasa litakufa, na life leo, mbele yangu. Kesho nitalipigania mahali pengine, chini ya bati, popote.

Nimewaambia watoto watoke kwenye madawati. Wote wamelala sakafuni, viganja chini, mashavu chini, kuanzia ukuta wa upande wa jirani mpaka miguuni pangu. Kila anayehisi anainua mkono. Mikono iliyoinuka ni ya wanaolala karibu na dirisha tu, na sasa najua mahali pa kuchimba. Ngoy ameinua wake. Nimepiga tena. Ameuacha juu.

Hatua za viatu barazani. Watoto wamezihisi kabla yangu, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.