Mukubwa wa Nyumba Yangu Iko na Mwaka Moja na Nusu

Mama Jokébed, mushauri wetu wa redio,

Sasa hivi tu mukubwa wa nyumba yangu amekojolea convocation yake, karatasi ya kumuita kazi. Ni Josaphat, mutoto wangu, mwaka moja na nusu, na karatasi nimeanika kwa jua sababu iko na muhuri.

Tulikimbia vita njia ya Mambasa, tukafika hapa Bungulu, bwana yangu Gérard akarudi kuchukua vyombo na hajafika bado, mais najua atakuja, na siku moja napika sombe ya majani ya muhogo, papa Esdras, chef wa avenue, muongozi wa mutaa wetu, akaingia na daftari kuandika wenye kupata bâche za kufunika nyumba, akauliza, "Hapa muko batu ngapi?" Nikasema, "Mimi na mutoto." Akasema, "Mama, nauliza batu. Bamama na batoto iko page yao." Nikasema basi mutu hakuna. Akachungulia chini ya meza. "Huyu ni mwanaume?" Nikasema ndiyo. "Donc mukubwa wa nyumba iko." Akamuandika, akamupa mukono: "Bonjour, papa."

Tena batu ba musaada walipofika, akahesabu batu bane, na mimi naona wanaume batatu na mama mumoja muzungu. Nikauliza, "Na ule mama?" Akacheka. "Ule hapana mama, ni muzungu."

Sasa mukubwa wa nyumba anaitwa siku ya samedi kwa salongo, kazi ya mutaa muzima, kulima pembeni ya barabara na jembe yake, akikosa jina linafutwa, bâche inaenda kwa wengine, na mvula inatunyeshea kitandani. Nikaomba kwenda kwa nafasi yake, papa Esdras akasema mwanamuke hawezi kulimia mwanaume muzima, na Gérard akirudi ataandikwa mugeni wa mutoto. Mama, niseme Josaphat ni mugonjwa, ao nimubebe mugongoni na jembe, sababu mimi kudanganya sipendi, lakini, ngoja, papa Esdras anaita kwa mulango, anasema mukubwa wa nyumba atoke, naenda kumu...

Binti yangu, mimi Mama Jokébed nakujibu,

Pole kwa mvula, na pole kwa kumungojea Gérard. Mais nikugombeze kidogo. Ulisema "mutu hakuna" ukiwa na mwiko mukononi. Sombe ilikuwa inajipika? Hata sisi kwa redio hatuko malaika: iko kikapo cha barua, na kikapo cha barua za bamama. Yako ilikuwa kwa cha pili. Leo nimevimwaga vyote pamoja, na Henri, fundi wetu wa micro, amenuna.

Usiseme mutoto ni mugonjwa, watatuma wazee kumutembelea. Samedi amuka mapema, pita kwa kila mama anayekaa peke yake kwa avenue yenu, muende na majembe, mulime kabla ya kuulizwa. Papa Esdras akifika, barabara itakuwa imekwisha kulimwa, na hawezi kuandika kwamba aliyelima ni "mutu hakuna". Hapo aweke jina lako kwa bâche, mpaka Gérard arudi. Akisema page haikubali, musimame karibu na ule mama muzungu, mumuombe naye ahesabiwe upya, kama ni mama ao ni mutu.

Na jina lenyewe, mimi silijui. Barua nzima ni Josaphat, Gérard, Esdras. Hata kwa bahasha umeandika "Mama Josaphat". Mutajie papa Esdras lile ulibatizwa nalo, na usitoke pale mpaka wino umekauka.