Simu Yako Hii Hapa, Valeria

Mkwe wangu Valeria,

Uji wa mjukuu wangu Hilari upo kwenye chupa. Kuku wamekula. Kahawa iliyoko kichanjani usiichanganye na iliyokwisha kukauka. Nimekwenda kwa katibu wa ushirika kumwambia leo hatupeleki.

~~Mvua ilikuja ghafla.~~

Mvua haikuja ghafla. Ilianza kwa manyunyu, nami nikayaona, lakini nilikuwa nabishana kwenye kundi la simu la wenzangu wa kisomo cha usiku, eti nani kati yetu alitangulia kujua kusoma. Nikasema namalizia jibu moja tu. Ulipotoka jikoni unakimbia na turubai, kahawa ilikuwa imekwisha kulowa, nawe ukasema tu, "Shikamoo, Baba. Kahawa imeshaoga."

Afadhali ungenifokea. Jana nilikunyang'anya simu hapo hapo kichanjani, mbele ya majirani, nikakuhubiria kuhusu watu wasiotuliza akili kazini.

Simu yako iko chini ya kikaratasi hiki. Yangu nimeiacha pembeni yake. Ifungie kabatini mpaka kahawa ikauke. Nikirudi nitaiomba, tena kwa ukali. Usinipe.

Baba mkwe wako