Uyoga Ndani ya Ganda la Kiberiti

Nyakatuntu,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Adelgunda,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji hajambo, na kahawa yenu mmeshaianika? Mimi mdogo wako ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Nimeona niandike, maana kwenye simu husikii, unabaki kuuliza nani huyo mpaka chaji inaisha.

Nina swali la uyoga. Usicheke! Najua mama aliwafundisha ninyi wasichana, sisi tukafukuzwa tukachunge mbuzi. Tangu tumzike mke wangu Mackrine, kuni naokota mwenyewe kule msituni nyuma ya migomba. Kwenye gogo lililooza nimekuta vikombe vidogo, upana wake kama kifungo cha koti. Ndani ni vyeupe, nje ni kahawia na vina manyoya, marefu zaidi ukingoni, kama kope. Havina mguu, vimekaa tu vinakinga mvua. Kimoja nimekitia kwenye ganda la kiberiti, Jasson wa bodaboda atakukabidhi pamoja na barua hii.

Jirani yangu Benadeta alipokiona alisema ni sumu, nikanawe mikono upesi. Katekista Novatus akakataa katakata, akadai ni uyoga mchanga, nisubiri utakua. Loo, walivyobishana! Wakaketi. Nikawatolea kahawa ya kutafuna katika bakuli la Mackrine, ambalo halikuguswa tangu matanga, wakatafuna mpaka ikaisha.

Sasa dada, nikueleze ukweli, maana nikikudanganya na wewe nitabaki na nani? Jibu ninalo. Kabla ya hao wote nilikwenda Kayanga kwa bwana misitu mmoja. Alikitazama kwa lenzi, akafungua kitabu, akanionyesha picha yake: weupe ndani, kahawia nje, manyoya yote yapo. Akasema ni uyoga wa kikombe wenye manyoya, hauliwi, kazi yake ni kuozesha miti. Akafunga kitabu. Nikarudi na jibu langu, nikapika ndizi, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mackrine angeniuliza maswali mpaka chakula kipoe.

Kesho yake ndipo nilipoanza kuuliza watu. Pole zilishakwisha, dada, walikuwa wananisalimia huku wanapita. Lakini nikitoa kiberiti wanasimama, na nikisema sijui ni nini, wanaingia ndani. Naona aibu, mzee mzima kuzunguka na uongo mfukoni. Ila nimechoka kula peke yangu. Nimechoka kweli.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua. Goti likikuruhusu, njoo Jumamosi, uje na hicho kiberiti. Benadeta na Novatus nimeshawaambia kwamba dada yangu ndiye anayejua uyoga, watakuwepo. Wakikuuliza ni uyoga gani, nakuomba, sema hujui.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Cassian