Nyongeza ya Mama Kulwa

Bergen, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako: bado linakusumbua ukipanda mlima wa kanisani? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haina adabu, inanyesha wiki nzima bila kupumzika.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unauliza mpunga ulio ghalani uuze sasa au usubiri, na umeuliza kwa upole kana kwamba mwaka jana sikukushauri chochote. Mama, nilikushauri vibaya na sijawahi kukuomba radhi. Naomba leo.

Unajua kazi yangu ni kutazama dalili zinazotangulia: mvua, bei ya mafuta, saruji inayonunuliwa, mikopo ya benki. Kwa hizo tunajaribu kusema mapema kama uchumi wa nchi kama yetu utakua na kama bei zitapanda. Mwaka jana mistari yote kwenye kompyuta ilikuwa imetulia kama ziwa asubuhi. Nikakupigia simu nikiwa na uhakika wa msomi: bei haipandi, uza. Ukauza. Baadaye bei ikapanda, ukaenda kununua mchele sokoni, wewe ambaye hukuwahi kununua mchele tangu uolewe. Iliniuma sana.

Juzi kwenye kikao watu walikuwa wanabishana kuhusu asilimia, na mimi macho yakanihama. Mstari wa bei uligeuka ufukwe, nikajiona nimeshika upindo wa kanga yako pale Buzuruga, mbele ya meza ya Mama Kulwa muuza dagaa. Siku zote alikuwa akijaza kisado hadi kilele, halafu anaongeza konzi moja juu kwa upendo. Siku hiyo alijaza kwa bei ileile, ila hakuongeza. Tulipofika nyumbani ukamwambia Baba asiuze hata gunia moja la mpunga. Nikakuuliza kwa nini, mbona bei haijabadilika?

Ukasema, "Mwanangu, bei ni ya mwisho kusema. Mkono ndio unaanza."

Nilikuwa darasa la nne. Miaka yote hii ya shule, na neno hilo nililiacha mezani kwa Mama Kulwa.

Mkuu wangu alipoita jina langu nikamwitikia kwa Kiswahili, wakacheka. Nikawaeleza habari ya nyongeza. Mkuu akauliza inapimwaje. Nikamwambia sijui, anayejua ni mama yangu.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Nenda Buzuruga, nunua kisado cha dagaa, tazama mkono wa Mama Kulwa. Asipoongeza, funga ghala. Akiongeza, uza kidogokidogo. Kisha nipigie unieleze, na safari hii mimi ndiye nitakayeandika.

Msalimie Baba, umwambie kosa la mwaka jana ni langu. Shangazi wa Busisi sasa ana daraja la kuvukia ziwa, hana tena kisingizio cha kutokuja kukuona. Bibi mpe mwangaluka yangu, salamu yetu ya asubuhi, hata kama ataipokea jioni.

Jambo moja limebaki. Mdogo wangu ameniambia siri yako: mwaka jana hukuuza mpunga wote. Gunia moja liko nyuma ya mlango, na hata mliponunua mchele hukuligusa, kwa sababu ulisema ni la siku nitakayorudi.

Likoboe, Mama. Tiketi nimeshakata.

Binti yako,
Minza