Mkandarasi Anayechaguliwa Mafuta ya Kujipaka

Kata ya Mwamkulu,
Mpanda, Katavi.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Eufrazia,

Shikamoo. Kabla hujanigombeza naomba msamaha. Barua yako ilinifikia kabla ya Pasaka na leo ndiyo najibu. Nimeianza mara tatu. Ya kwanza mtoto aliitapikia, ya pili nilisinzia kalamu mkononi, ya tatu mume wangu Danford akaifungia vitumbua akidhani ni karatasi tu. Na simu unasema inakukwaruza masikio, basi ukangoja.

Goti linaendeleaje? Ulirudi hospitali au bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Nijibu ukweli, siyo ule wa kunifurahisha. Sisi huku wazima. Faith ana miezi miwili na nusu, ananyonya kama analipwa, na macho ni yako kabisa. Mimi nimechoka, ila ni uchovu wa heri.

Ulisikia kwamba nimefukuzwa kazi kwa sababu ya kuzaa. Hapana, ila ilikaribia. Ngoja nikueleze toka mwanzo.

Unajua huu ni mwaka wangu wa tatu kwa Mzee Nashon, kwenye kiwanda chake kidogo cha asali hapa mjini. Tuko wanawake sita. Tunachuja asali, tunajaza chupa, tunabandika lebo. Alipoanza biashara alikuwa na warina asali wa Ugalla tu, akanunua daftari moja akaliandika juu "Wakandarasi". Alipotuchukua sisi, akaendelea ukurasa uliofuata, humo humo. Akatupa karatasi, tukasaini. Tena mimi nilifurahi! Wakandarasi niliowajua ni wale wa barabara, wenye pikapu na kofia ngumu. Siku ile nilimwambia Danford apike yeye, mkandarasi amechoka.

Mimba ilipofika miezi sita nikapeleka karatasi ya kliniki kuomba likizo ya uzazi. Mzee akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mkandarasi hana likizo. Nikapumzike, na nafasi yangu ikipata mtu tusilaumiane. Nililia njia nzima. Mpunga wa Danford ulikuwa umezama na mvua, na mimi ndiye niliyebaki na kazi.

Ndipo ukaniandikia ninyamaze, nisije nikakosa vyote. Shangazi, sikukufuata, na siyo dharau. Wewe ulipika kule bwenini miaka ishirini na mbili ukiitwa kibarua, na siku ya kuondoka ukapewa kanga. Nilikuwa mdogo lakini niliiona hiyo kanga. Sikutaka Faith anione na ya kwangu.

Aliyenifumbua macho ni Manyanda, mrina asali mmoja wa Ugalla. Alikuja na madumu yake ananuka ugoro mpaka mlangoni, na hakuna aliyemgusa. Sisi je? Asali inashika harufu, kwa hiyo kila asubuhi Mzee anatunusa mmoja mmoja. Marufuku marashi, marufuku mafuta ya kunukia, ukikaanga samaki kwako ukaoge tena. Mwenzangu Joséline aliwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya losheni. Saa moja na nusu tumeshasaini, aproni ni zake, vichujio vyake, hata msibani tunaomba ruhusa. Manyanda ana mizinga yake, anakuja akijisikia, na bei ikimchukiza anampelekea mnunuzi mwingine. Halafu wote tuko daftari moja!

Nikaenda na tumbo langu kwa ofisa kazi, mama mmoja mpole. Hakujali karatasi yangu imeandikwa nini. Aliuliza nani ananipangia saa, vifaa ni vya nani, na kama nina mtu mwingine ninayemfanyia kazi. Akasema jina la kwenye karatasi haliwezi kuibadilisha kazi yenyewe. Joséline alipojua akanivuta pembeni: "Getrude, utatufukuzisha wote, mimi nina wanne nyumbani!" Hilo lilininyima raha mpaka najifungua.

Ofisa alikuja kiwandani Faith akiwa na wiki tatu. Nilikuwepo, mtoto mikononi. Mzee akaweka daftari mezani.

"Hawa wote wakandarasi. Wamesaini wenyewe."

Nikasema, "Mzee wangu, mkandarasi gani anachaguliwa mafuta ya kujipaka?"

Manyanda, aliyekuwa anashusha madumu, akadakia: "Mimi msiniandike huko! Yaani niajiriwe, ninuswe kila asubuhi kama gunia la mizigo?"

Shangazi, kilichofuata ni kicheko. Mzee alijaribu kununa ikamshinda, na yeye akacheka mpaka akavua miwani. Ofisa akamwambia, "Basi mkandarasi wako wa kweli ameshakujibu."

Siyo mtu mbaya. Alidhani ukimwandika mtu hivyo, ndivyo anavyokuwa. Wiki ile ile akanunua daftari la pili, na sisi sita tukahamia humo kama waajiriwa, tukihesabiwa tangu siku ya kwanza. Likizo yangu ya siku themanini na nne imelipwa. Jumatatu ya tarehe 17 narudi, na kila siku nina saa mbili za kunyonyesha. Joséline sasa anatamba kwamba wazo lilikuwa lake. Nimemwachia.

Msalimie Baba Mdogo Ambrosi, na Tereza mwambie nimeona picha za harusi, kapendeza. Mungu akulainishie goti na akuongezee siku, umbebe huyu mjukuu wako.

Hela usitume. Ninachohitaji bado ni hivi: nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, ipo kwenye sanduku lako la bati, kofia moja ya sufu ya mtoto, kwa kuwa asubuhi za Juni hapa zinauma, na jina lako kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tunaandikishwa mfuko wa hifadhi ya jamii kabla mwezi haujaisha, na kwenye fomu wanauliza nani alinilea. Nimejaza kila mahali, hapo tu ndipo nimeacha wazi.

Mwanao akupendaye hata akichelewa,
Getrude (Mama Faith)