Écharpe ya "Karibu Wote"

Lucie weee, nimejificha nyuma ya kanisa. Haya itaniua!

Leo nilikuwa protocole, wa kupokea watu ku mulango wa kanisa, nimevaa ku kifua ile écharpe, kitambaa imeandikwa KARIBU WOTE. Maman mumoja anafika na hijabu. Namuambia: "Maman, musikiti iko kule chini."

Anajibu polepole: "Najua, binti yangu. Njo kule natoka."

Musikiti iko kule chini! Kinywa yangu mwenyewe, Lucie! Na nikamuacha inje, ku jua kali.

Padri mupya anaanza kuhubiri juu ya kupenda watu wasiofanana na sisi. Anasema: "Leo mama yangu Salima, muislamu, amekuja kunisikiliza mara ya kwanza. Mama, uko wapi?"

Sauti ikatoka inje: "Niko huku, mutoto wangu. Binti wa KARIBU WOTE njo alinipokea."